Nyuzi 38 za Kitale, Nyuzi 42 za Bungoma

Ninyi mnaoandika programu leo mna raha moja ambayo sisi tulianza kazi bila kuijua. Unabonyeza, na skrini inakupangia toleo la jana upande huu na toleo la leo upande ule. Kilichoondolewa kina rangi nyekundu, kilichoongezwa kina rangi ya kijani. Unapitisha macho, unasema "iko sawa", unaenda kunywa chai. Sina ugomvi na rangi hizo. Miaka yangu ya mwisho kazini nilizitumia kila siku na nilizipenda. Lakini nimeketi na vijana wengi hapa Kitale, na nimegundua kwamba wengi wenu mnaziona tofauti hizo za matoleo bila kuzisoma. Mimi maisha yangu ya kazi yalikuwa kuzisoma, na ninajivunia.

Niliajiriwa na kampuni moja ya mbegu za mahindi iliyokuwa na vikaushio viwili, kimoja Kitale na kingine Bungoma. Mahindi ya mbegu huletwa yangali na maji, punje zikiwa bado kwenye magunzi. Yanamwagwa ndani ya vyumba vikubwa na hewa ya moto inapulizwa kutoka chini. Programu yetu ndiyo iliyosoma vipimajoto na kuamua tanuru liongeze moto au lipunguze. Joto likiwa kidogo, mahindi yanashika ukungu. Likizidi, kiini cha punje kinakufa. Na punje iliyokufa haina alama yoyote. Inang'aa kama nyingine, inapakwa dawa kama nyingine, inafungwa kwenye pakiti kama nyingine. Mkulima atagundua akiwa shambani, mvua ya kwanza imeshapita, na kwenye mistari yake hakuna kilichochomoza.

Kwa hiyo nikiwaeleza juu ya msimu tulipounganisha matoleo mawili ya programu ile kuwa moja, mjue tangu sasa kilichokuwa mezani. Zilikuwa mbegu za msimu mzima.

Lakini kwanza niwaeleze jinsi nilivyofundishwa kusoma.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Barasa, mtu wa Kimilili, aliyeandika programu ile tangu mstari wa kwanza. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwenye dharau kubwa kwa majina tuliyoyapa mafaili. Siku hizo hatukuwa na chombo cha kutunza historia ya programu. Ukibadilisha kitu, ulinakili faili na kulipa jina jingine. Ndiyo maana kompyuta yetu ilikuwa na faili lililoitwa "mpya", lingine "mpya_kabisa", na lingine "mpya_hii_ndiyo". Barasa aliyatazama siku moja akauliza, "Nekesa, kati ya hawa wapya, mpya ni nani?"



Alichukua mawili kati ya mafaili hayo, akayachapisha, akapanga karatasi moja juu ya nyingine na kuzibandika kwenye kioo cha dirisha lililotazama mashariki. Jua la asubuhi likapita ndani yake. Mahali maneno yalipolingana, herufi zilikaa juu ya herufi zikaonekana safi. Mahali yalipotofautiana, palikuwa na weusi, kama mtu ameandika juu ya maandishi. "Hapo penye giza," alisema, "ndipo utakaposoma. Kwingine usijisumbue." Leo mnalipia mashine kwa kazi iliyofanywa na dirisha. Kasoro yake ni kwamba ukiongeza mstari mmoja juu, kila kitu chini yake kinateleza na ukurasa mzima unakuwa giza. Na siku ya mvua hakuna kazi.

Kwa hiyo tulikuwa na njia ya pili, kusoma kwa sauti, kwa zamu. Mmoja alishika toleo la zamani na kusoma kila kitu, hata mabano na nukta. Mwingine alishika toleo jipya na kufuata kwa kidole. Palipotofautiana, mfuataji aligonga meza. Mlinzi mmoja mgeni alitusikia kupitia mlango. Barasa alikuwa akisoma kwa sauti yake nzito, "Fungua mabano, ikiwa joto ni kubwa kuliko kikomo, funga mabano," na mimi nikigonga meza kila baada ya muda. Mlinzi akavua kofia, akaingia polepole na kusimama nyuma yetu. Tulipofika mwisho wa ukurasa akasema, "Amina."

Tulicheka hadi machozi. Lakini nawaambia, mimi niliyesoma kwa sauti nilikuwa naijua programu ile jinsi mtu anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Na ninyi, ikiwa tofauti ni muhimu, isomeni kwa sauti hata kama mko peke yenu. Macho huruka mistari. Ulimi hauruki.

Baadaye vyombo vilikuja, vikatuonyesha tofauti vyenyewe, na tukaanza kujifunza upumbavu wake. Kwa mfano, ukihamisha kipande cha programu kutoka juu ya faili kwenda chini, chombo kitakuonyesha wekundu mwingi juu na kijani kingi chini. Kwake yeye, mtu akihama Kimilili kwenda Misikhu, basi kuna mtu amekufa Kimilili na mtoto amezaliwa Misikhu. Mazishi na sherehe siku moja, na mtu ni yuleyule. Ni wewe msomaji unayepaswa kumtambua kwa sura.

Tena kuna ugonjwa wa usafi. Kijana mmoja tuliyemwajiri alikuwa nadhifu sana. Alirekebisha mstari mmoja uliokuwa na kosa, halafu, kwa kuwa alikuwa humo, akapanga nafasi zote za faili zima zilingane. Tofauti ilipokuja kwangu, kila mstari ulikuwa umebadilika. Wekundu wote, kijani chote. Mstari mmoja uliohitaji macho yangu ulikuwa umejificha humo kama mwizi ndani ya umati wa sokoni. Nilimrudishia. "Fagia siku moja, jenga siku nyingine," nilimwambia. Alikasirika siku mbili tatu, halafu akawa ndiye anayewaambia wengine.

Sasa msimu wenyewe.

Programu ya Bungoma ilizaliwa kutokana na ya Kitale. Kikaushio cha Bungoma kilipofunguliwa, Barasa alinakili programu yake, akaipeleka huko, na tangu siku hiyo kila upande ukaendelea kubadilisha ya kwake. Kitale waliongeza ripoti, Bungoma wakaongeza kengele. Miaka ikapita, Barasa akastaafu akarudi Kimilili kulima kahawa yake, na mimi nikabaki na programu mbili zilizofanana usoni huku kila moja ikiwa na tabia zake. Kisha kampuni ikanunua kompyuta mpya za kuendesha vikaushio vyote viwili, na meneja akataka programu moja. Tarehe yake ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mavuno.

Nilipewa msaidizi, Chebet, msichana wa Kitale hapahapa, aliyekuwa akikaa Matisi na aliyekuwa mwepesi kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Alikuwa mwandishi wa programu kamili, si mwanafunzi. Asubuhi ya kwanza aliweka matoleo mawili kwenye skrini na kuanza kupita tofauti moja baada ya nyingine.

Nyingi zilikuwa nyepesi. Tukafika kwenye joto la kuanzia, yaani joto ambalo tanuru halipaswi kulizidi mahindi yakiwa bado na maji mengi. Faili la Kitale lilisema 38. Faili la Bungoma lilisema 42.

"Madam, si hii ni rahisi?" Chebet alisema. "Faili ya Bungoma ndiyo ya juzi. Walirekebisha, Kitale wakasahau. Tuweke 42."

"Umejuaje kwamba ni Bungoma waliorekebisha?"

"Tarehe."

"Tarehe ni ya faili zima. Huenda juzi walibadilisha kengele tu. Huenda zote zilikuwa 42, na ni Kitale walioshusha."

Akatazama skrini tena. "Basi hapa huwezi kujua."

"Hapa huwezi kujua," nilikubali. "Mpaka uulize baba yao."

"Ati baba yao?"

Nikamweleza. Kwetu Wabukusu kijana akileta msichana nyumbani, kabla kikombe cha chai hakijaisha ataulizwa ukoo wa baba yake, kisha ukoo wa mama yake, kisha wa nyanya zake. Wazee wanapanda juu hivyo mpaka wajue kama wawili hao wanakutana kwa babu mmoja. Hawatazami sura. Sura zinadanganya, watu wasio na udugu hufanana, na ndugu huweza kutofanana. Ukitaka kujua uhusiano wa wawili, panda mpaka mahali wanapokutana, halafu shuka na kila mmoja ukiangalia alibadilika wapi.

Chebet alicheka. "Madam, si mngewaacha tu waoane? Hata kwetu wazee wako hivyo. Mimi nilidhani hiyo ni ya kusumbua watu."

"Inasumbua. Na inafanya kazi."

Hiyo ndiyo siri ya kuelewa matoleo mawili, vijana, na ndiyo maana vyombo vizuri vya leo huwa vinataka matoleo matatu. Ukiwa na mawili, unajua tu kwamba yanatofautiana. Ukimpata mzazi wao, unajua nani aliyehama. Mstari uliopo Kitale na haupo Bungoma unaweza kuwa Kitale wameuongeza, au Bungoma wameufuta. Kuchagua bila mzazi ni kupiga kura ukiwa umefumba macho.

Mzazi wetu alikuwa kwenye kompyuta kuukuu ndani ya ghala la Bungoma, ile Barasa aliyonakilia mara ya kwanza. Mwenzetu wa huko aliiwasha, ikalalamika, ikawaka, akatutumia faili. Chebet alilifungua na kutafuta mstari.

38.

"Kumbe nilikuwa sawa!" alisema na kupiga makofi. "Bungoma ndio walibadilisha. Kitale hawakugusa." Akawapa mashine wote watatu, mzazi na watoto wawili, na kuiamuru iunganishe. Mashine ikafanya hesabu yake. Kwenye mstari ule haikutuuliza chochote, kwa sababu sheria yake ni hiyo: mtoto mmoja akibadilika na mwingine akabaki kama mzazi, basi aliyebadilika ndiye mwenye habari mpya. Ikachukua 42. Kwenye skrini ikaandika kwamba hakuna mgongano.

"Imekubali, Madam. Safi kabisa."

Alikuwa na haki ya kufurahi. Kila hatua aliyofanya ilikuwa sahihi, na mtu yeyote angeipitisha. Meneja aliyekuwa mlangoni alilisikia neno "safi", akainua kidole gumba, akaenda kuwaambia watu wa lango kwamba Jumatatu iko palepale. Nje tuliweza kusikia trela za kwanza zikiegeshwa.

Mimi sikuridhika, na nataka mjue kwa nini, maana hii ndiyo sehemu ninayojivunia kuliko zote. Wazee wakishajua kwamba tawi moja la ukoo lilihama, huwa hawaishii hapo. Wanauliza lilihama kwa sababu gani. Njaa? Ugomvi? Malisho? Mashine ilikuwa imetueleza nani aliyehama, na haikujua neno lolote juu ya sababu. Na nyuzi nne za joto si kitu ambacho mtu anaongeza kwa kujifurahisha.

Nikampigia Barasa simu, nikaweka sauti ya juu Chebet asikie.

"Nekesa! Bado mnasumbuana na ile kitu?"

"Bado, Mzee. Bungoma joto la kuanzia uliliweka 42. Kwa nini?"

"Mimi? Nani amesema ni mimi?"

"Ni wewe. Hakuna mwingine anayeacha mistari mitatu mitupu kabla ya kila sehemu."

Akacheka muda mrefu. "Hiyo ni ukweli. Lakini sikumbuki, bana. Hata jana nilikula nini sikumbuki."

"Jaribu, Mzee."

"Nisikilize. Kama niliandika, kulikuwa na sababu. Na kama kulikuwa na sababu ya Bungoma, iko Bungoma. Haiwezi kuwa kwa simu. Enda uangalie." Kisha akaongeza, "Na huyo msichana ninayesikia akipumua hapo, mwambie nimemsalimia. Mwende pamoja."

Meneja hakufurahi. "Madam, mashine imesema hakuna shida. Sasa mnaenda Bungoma kutafuta nini?"

"Kutafuta kwa nini."

"Na mkikosa?"

"Nikikosa, Jumatatu utawasha, na mimi nitatia sahihi." Nilisema hivyo kwa sababu nilijua kwamba sitakosa. Sijui nilijuaje. Labda kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi kumwona Barasa akibadilisha namba bila sababu.

Tulichukua pikapu ya kampuni. Bungoma hatukufungua kompyuta hata moja. Nilimwambia Chebet tufanye kazi ya mwandishi wa habari: tuanze na namba, tufuate mahali inapotoka. Namba inatoka kwa kipimajoto. Kipimajoto kina waya. Tukaushika waya kwenye kompyuta na kuufuata kwa mkono, ukutani, juu ya mlango, nyuma ya ngazi. Kitale waya kama huo unaishia ndani ya chumba chenyewe, chini ya magunzi, mahali hewa inapogusa mahindi. Huu wa Bungoma haukuingia chumbani. Ulipinda kushoto, ukapita kwenye bomba kubwa la hewa, na kuzama ndani yake karibu kabisa na tanuru.

Chebet aliweka kiganja kwenye bomba pale waya ulipoingia, akakiondoa haraka. Walikuwa wakifanyia tanuru majaribio siku hiyo, kwa nyuzi 42. Halafu akatembea kufuata bomba hadi chumba cha mahindi, akaligusa tena. Mkono ulikaa.

"Njiani inapoa," alisema.

"Endelea."

"Hapa kwa tanuru ikiwa 42, ikifika kwa mahindi ni..." Aliacha sentensi. Tulikuwa na kipimajoto cha mkononi. Akakiingiza chini ya chumba, tukangoja, akakisoma, akanitazama. "Madam, ni 38. Ni ileile 38."

Hivyo basi. Barasa hakuwa amebadilisha joto. Alikuwa amebadilisha namba ili joto libaki lilelile. Matoleo mawili yaliyotofautiana kwenye skrini yalikuwa yakisema jambo moja, na toleo letu jipya, lile safi, lisilo na mgongano, lingesema 42 Kitale, ambako kipimajoto kiko chini ya mahindi yenyewe. Mahindi mabichi, joto la 42. Punje zingeng'aa, zingepakwa dawa, zingefungwa, zingeuzwa, na zingekaa ardhini bila kuota.

Chebet aliketi kwenye ngazi. "Ningeziua," alisema kwa sauti ndogo.

"Tungeziua," nikamwambia. "Tena kwa ripoti nzuri sana. Simama tufanye kazi."

Tulirudi Kitale na kuandika upya sehemu ile. Hatukuchagua 38 wala 42. Tuliandika kwamba joto linalotakiwa kwenye mahindi ni 38 popote, na kwamba kila kikaushio kiwe na marekebisho yake kulingana na mahali kipimajoto kilipo: Kitale sifuri, Bungoma nne. Juu ya mstari Chebet akaandika sababu kwa maneno ya kawaida, pamoja na njia ya waya, ili atakayekuja asihitaji pikapu. Kisha tukaisoma kwa sauti, yeye akisoma, mimi nikifuata kwa kidole. Aligundua kosa la kwake mwenyewe katikati ya sentensi na kugonga meza kabla yangu.

Mkiandika mabadiliko, vijana, msiandike mlichobadilisha. Hicho kila mtu atakiona kwa rangi. Andikeni kwa nini. Mashine italinganisha maneno yenu hadi mwisho wa dunia na haitajua mlikuwa mnafikiria nini.

Jumatatu meneja aliwasha. Vyumba vya Kitale vilijaa, kisha vya Bungoma. Siku zile nilikuwa nikipita mbele ya vipimo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nilimwona Chebet akifanya vivyo hivyo kwa upande wake, kila mmoja akijifanya ana shughuli nyingine. Mahindi yalipokauka na kupukuchuliwa, sampuli za kila kikaushio zilipelekwa maabara. Huko punje hupangwa kwenye karatasi yenye maji, inakunjwa kama mkeka, na kuachwa mahali penye joto. Baada ya wiki hivi, inakunjuliwa.

Fundi wa maabara alituita yeye mwenyewe. Alikuwa na mikunjo miwili juu ya meza, mmoja wa kila kikaushio. Meneja alikuja pia, akasimama nyuma yetu mikono kifuani. Fundi akakunjua wa kwanza. Vichipukizi vyeupe na vya kijani vilikuwa vimesimama safu kwa safu, mizizi imepenya karatasi. Akakunjua wa pili kando yake.

Chebet aliinama. Nilimwona akianza juu kushoto, kidole hewani, akilinganisha safu na safu kama alivyozoea, karatasi hii na karatasi ile. Alifika mwisho, akarudi, akapita tena.

"Ya Kitale ni gani?" meneja akauliza.

"Sijui, bosi," Chebet alijibu bila kuinuka. "Sioni tofauti."